Wali Chini ya Samaki

Msikilize mtu aliyerudi kutoka Lamu, Pangani au Pemba akisimulia alivyokula huko. Atataja samaki wa kupaka, pweza wa nazi, kamba, mchuzi wa papa. Atakuonyesha kwa mikono miwili ukubwa wa kolekole aliyewekewa mezani. Wali atautaja mwishoni, kwa maneno mawili: "na wali". Mimi nimekula katika sehemu hizo zote, na ninapovikumbuka vyakula vilivyonifurahisha safarini nakuta kwamba kilichonikaa zaidi ni huo wali wa nazi uliokuwa chini ya samaki: mweupe, umeachana punje kwa punje, na harufu yake imefika kabla ya sahani. Samaki mzuri ni riziki ya mvuvi na wepesi wa aliyemfikisha jikoni akiwa bado mbichi. Wali wa nazi hauna riziki ya namna hiyo. Uzuri wote uliomo umetiwa na mikono ya mtu, hatua kwa hatua, na hatua hizo ndizo ninazotaka kuzieleza.

Wapishi wa biriani wana majina mitaani. Mombasa na Zanzibar mpishi wa biriani huitwa kutoka mtaa wa mbali, akaja na masufuria yake na wasaidizi wake, na wageni hurudi makwao wakisema harusi ya fulani ilipikwa na fulani. Sijapata kusikia mtu akisifiwa hivyo kwa wali wa nazi. Unahesabiwa kuwa chakula cha kila siku, kitu ambacho kila aliyelelewa pwani amekijua tangu utotoni. Lakini biriani ina zafarani, iliki, mdalasini, vitunguu vya kukaanga na nyama. Kasoro ndogo ya kimoja hufunikwa na vingine. Wali wa nazi una vitu vinne: mchele, nazi, maji na chumvi. Ukikosea kimoja, mlaji atajua kwenye tonge la kwanza.

Kazi huanzia kwenye nazi yenyewe. Tunda la mnazi huchukua karibu mwaka mzima tangu kuwa kidaka hadi kukomaa, na njiani hupitia kitale, dafu na koroma. Dafu ni la kunywa. Nyama yake ni ororo na haijajaza mafuta. Koroma limeanza kuwa gumu, lakini tui lake ni la maji. Nazi ya wali ni ile iliyokomaa kabisa, ambayo karibu theluthi moja ya nyama yake ni mafuta. Mnunuzi mzoefu huipima uzito kwa mkono, kisha huitikisa karibu na sikio. Maji yakisikika yakicheza ndani, ni dalili njema. Yasiposikika, huenda ganda lina ufa na yameshatoka. Halafu huyatazama macho yake matatu, na yakiwa na unyevu au ukungu huirudisha. Nazi iliyoota nayo huachwa, maana ndani yake kumeshakua joya, na joya hujilisha kwa mafuta yale yale tunayoyatafuta. Watoto hulifurahia joya kwa utamu wake. Mpishi wa wali hana haja nalo.

Jaribio la mwisho hufanywa wakati wa kuvunja. Nazi huwekwa kiganjani, ikazungushwa huku ikigongwa katikati kwa mgongo wa panga, mpaka ufa umeizunguka na maji yamemwagikia kikombeni. Maji hayo yaonjwe. Yakiwa matamu, nazi ni nzima. Yakiwa machachu, au nyama ikinuka mafuta yaliyokaa, mpishi huiweka pembeni na hathubutu kuichanganya na nyingine kwa kuionea huruma bei yake. Nazi mbovu harabu ya nzima, na aliyeutunga msemo huo naamini alikuwa jikoni.

Pangani, karibu na kivuko, nilikaa asubuhi moja kwenye kibanda cha mama lishe nikimtazama akikuna. Alikuwa ameketi juu ya mbuzi, kile kibao kifupi cha kukunjwa chenye ulimi wa chuma uliochongwa meno, sinia ikiwa chini ya ulimi na nusu ya nazi mikononi. Anayejifunza huisukuma nazi kwa nguvu, na nyama hutoka vipande vipande. Yeye aliizungusha. Kila mkuno ulikuwa mfupi na mwepesi, ukianzia ukingoni na kuingia katikati, na kilichoangukia siniani kilikuwa laini na cheupe kama unga wa sembe. Alipofika penye ngozi ya kahawia inayogusana na kifuu, aliacha akachukua nusu nyingine. Nilimuuliza, "Mama, mbona nyama bado ipo?" Alinijibu bila kuinua macho: "Hiyo ukiikuna, mwanangu, tui linakuwa jeusi na wali unakuwa mchungu." Alikuwa akizungumza na wateja, akirudisha chenji, akimkaripia mtoto aliyekuwa akichezea ndoo, na mkono haukupitiliza hata mara moja. Hilo ndilo nililoliona la ajabu. Hakuwa akiangalia rangi ya nyama. Aliisikia kwa vidole, kwa jinsi chuma kinavyobadilika kikigusa ngozi ile.

Siku hizi katika masoko mengi ya mjini kuna mashine za umeme za kukunia. Humaliza kwa dakika chache, na kwa anayepikia watu wengi ni msaada mkubwa. Sizilaumu. Ninachowaomba wenye mashine ni kusimama pale chuma kinapokaribia kifuu, badala ya kukwangua mpaka mwisho ili mteja aone wingi. Blenda siipendi sana. Husaga kila kitu pamoja, tui likaonekana zito kumbe limebeba chembe za chicha, na chembe hizo huzama chini ya sufuria zikaungua kabla wali haujaiva.

Ufundi huu ni wa kale. Pemba, wachimbaji wa mambo ya kale wamekuta punje za mpunga zilizoungua katika magofu ya Tumbe, mji uliostawi kabla ya karne ya 11, na nyingi zaidi katika Chwaka, mji uliofuata baada yake. Ibn Battuta alipopita pwani hii mwaka 1331 alilishwa Mogadishu wali uliopikwa kwa samli, umewekewa juu yake vitoweo vya kuku, nyama, samaki na mboga, pamoja na ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na achari za ndimu, pilipili, tangawizi na embe. Alifika Mombasa, akafika Kilwa, kisha akapanda chombo kwenda Dhofar, kusini mwa Oman ya leo. Huko ndiko alikoieleza nazi kwa kirefu. Anasimulia kwamba mtu hukaa juu ya kitu mfano wa kiti, akakuna ndani ya nazi kwa chuma mpaka nyama yote ikatoka, kisha akaisugua ndani ya maji hadi maji yakapata rangi na ladha ya maziwa. Nimesoma maelezo hayo mara nyingi na kila mara namwona mama yule wa Pangani. Karibu miaka 700 imepita, na mtu wa Dhofar wa zamani angekaa juu ya mbuzi wake bila kuhitaji kuelekezwa.

Baada ya kukuna ni kukamua, na hapa mambo madogo huzaa tofauti kubwa. Tui ni matone madogo mno ya mafuta yaliyotawanyika ndani ya maji, yakizuiwa na protini za nazi yasiungane. Kukamua ni kuyatoa matone hayo kwenye nyama bila kuyavuruga. Mama yule alinyunyizia maji ya uvuguvugu, machache, akaifinyanga nazi kwa viganja viwili mpaka ikalainika na kuanza kuteleza, ndipo akaitia kwenye kifumbu na kukisokota. Kifumbu husukwa kwa ukindu au miyaa, na nafasi zilizo kati ya nyuzi zake huibana chicha na kuliachia tui. Lililotoka kwanza ni kasimile, zito, nalo aliliweka peke yake na kulifunika. Akaongeza maji, akakamua tena, akapata tui la pili. Akaongeza tena, akapata jepesi kabisa. Chicha ilipewa kuku. Makumbi na vifuu viliwekwa kando kwa ajili ya moto. Sikuona kitu kilichotupwa.

Uvuguvugu wa maji una sababu yake. Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi. Dar es Salaam au Mombasa hewa yenyewe hutosha kuyayeyusha, na bibi zetu wa pwani walikamua kwa maji ya mtungi bila wasiwasi wowote. Lakini mimi napika Iringa, na asubuhi za Juni na Julai jikoni kwangu kuna baridi ya kweli. Ukikamua kwa maji ya bomba, mafuta hugandia kwenye chicha na tui hutoka rangi tupu. Wapo watu wa bara wanaolalamika kwamba nazi zinazoletwa na malori zimekaa sana, kumbe nazi ni nzima, maji ndiyo ya baridi. Yapashe kidogo tu, mkono uweze kukaa ndani bila kuungua, nawe utapata kasimile lile lile la Tanga.

Kuhusu mchele nitasema machache, maana kila mtu ana wake na ubishi huo hauishi. Tanzania wengi huapa kwa mchele wa Kyela, na Kenya kwa pishori ya Mwea. Yote miwili inanukia, na harufu yake hukubaliana vizuri na ya nazi. Kwa maoni yangu umri ni muhimu kuliko jina. Mchele uliovunwa karibuni hunywa maji kidogo na hugandana upesi, na uliokaa ghalani miezi kadhaa hunywa zaidi na punje zake hubaki zimeachana. Ndiyo maana mpishi makini humuuliza muuzaji kama mchele ni mpya au wa zamani kabla hajauliza bei. Halafu ni kuupeta, kuuchambua mawe, na kuuosha mpaka maji yaache kuwa meupe, ili ule unga wa wanga ulioshikilia punje utoke kabla haujawa gundi.

Kwenye sufuria, wapishi wamegawanyika. Wapo wanaomimina tui lote pamoja na mchele tangu mwanzo. Wapo wanaoanza na tui jepesi na kuliweka kasimile hadi mwisho, na mimi nimesimama upande wao. Tui jepesi hutiwa chumvi, likabandikwa motoni na kukorogwa bila kuachwa, maana tui linalotulia juu ya moto hukatika: protini zake huganda, mafuta yakajitenga na kuelea juu. Linapochemka mchele huingia. Unakorogwa kidogo usishike chini, unafunikwa, moto wa wastani. Tui likikaribia kukauka, juu ya wali huanza kuonekana vishimo ambamo mvuke hupumulia. Huo ndio wakati. Kasimile humwagwa kwa kuzunguka, kuanzia ukingoni hadi katikati, na wali hugeuzwa mara moja, polepole, kwa mwiko unaopita chini kabisa na kupanda juu. Kasimile likiingia mapema hukatika kwa kuchemka sana, na wali huwa wa mafuta pasipo harufu. Likiingia mwisho, harufu yake bado iko hai, na mafuta yake huivika kila punje isishikane na jirani yake.

Mpaka hapo mtu yeyote mwenye uangalifu anaweza kufika. Kinachofuata ndicho kinachomtofautisha fundi.

Wali uliobaki juu ya moto wa chini peke yake una tatizo ambalo halitatuliki kwa kuongeza moto. Sehemu ya chini hukauka na kuungua. Mvuke hupanda, ukagusa kifuniko kilicho baridi kuliko wenyewe, ukarudi kuwa maji na kudondokea juu ya wali. Matokeo yake ni sufuria moja yenye wali wa aina tatu: ulioungua chini, mzuri katikati, na wa majimaji juu. Watu wa pwani walilijibu jambo hili zamani sana kwa kupalia. Makaa mengi huondolewa chini kwa koleo, yakabaki machache. Yaliyoondolewa huwekwa juu ya kifuniko, ambacho zamani kilikuwa mkungu wa udongo na sasa ni sinia au kifuniko bapa cha sufuria. Kifuniko kikishapata moto, mvuke haugeuki tena kuwa maji. Unapenya pembeni na kutoka. Joto hushuka kutoka juu na kupanda kutoka chini, likakutana katikati, na wali ukaiva wote kwa kiasi kimoja.

Kuueleza ujuzi huu ni rahisi kuliko kuufanya. Makaa ya juu yakiwa machache, kifuniko hakipati joto la kutosha. Yakiwa mengi, tabaka la juu hukauka na kuwa gumu. Yapaswa yawe yameshika moto vizuri na kuanza kuvaa majivu. Kaa linalotoa moshi hutia harufu yake ndani ya wali, na harufu hiyo haitoki. Kaa la mti mwepesi hulala mapema, kaa la mti mgumu hudumu. Na tangu hapo kifuniko hakifunuliwi. Yaani mpishi hufanya sehemu ngumu kuliko zote bila kukiona anachokipika.

Lamu nilikaribishwa katika nyumba ambayo bibi mwenyeji alikuwa bado akipika kwa seredani, jiko la makaa, uani. Aliinama karibu na chungu, akasikiliza. Nilimuuliza anasikiliza nini. "Sasa unatokota," aliniambia. "Ukianza kutatarika, nitaondoa makaa ya chini. Ya juu nitayaacha yafe yenyewe." Nami niliinama. Kwa muda kulikuwa na sauti nzito, ya maji yaliyo ndani kabisa. Kisha ikawa nyembamba, ikawa kavu, na muda mfupi baadaye nikasikia mtatariko mwembamba wa mafuta ya nazi yaliyobaki peke yake na wali chini ya chungu. Alikuwa ameshashika koleo kabla sijasikia. Akaondoa makaa, akaenda kuswali, akarudi, akawatuma wajukuu wakatandike mkeka. Hakuwa na saa wala hakuiulizia.

Alipofunua, mvuke ulipanda kidogo tu, maana mwingi ulikwisha kutoka. Wali ulikuwa umesimama. Punje zilielekea juu, zimeng'aa kidogo kwa mafuta, na alipoupakua siniani uliporomoka badala ya kuanguka kwa mabonge. Pembeni kulikuwa na samaki wa kupaka, changu aliyechomwa huku akipakwa tui lenye ukwaju, pilipili na vitunguu saumu, na achari ya ndimu. Nilianza na tonge la wali mtupu. Utamu wake ulikuja kwa kuchelewa: kwanza chumvi kidogo, halafu mchele wenyewe, halafu ile ladha ya nazi inayobaki kooni baada ya kumeza, isiyo ya sukari na isiyo ya mafuta. Changu alikuwa mzuri, namshukuru aliyemvua. Lakini nilikuwa nikimla ili nipate sababu ya kurudi kwenye wali. Watoto walisubiri ukoko, wakagawiwa kwa umri, wa mwisho akapewa kipande kikubwa kwa kuwa alilia.

Mkaa una siku zake, na ni vyema tuseme ukweli. Moshi wake unaumiza vifua vya wanawake wanaopika, na misitu inaisha. Mwaka 2024 Tanzania ilizindua mkakati wa miaka 10 wa nishati safi ya kupikia, wenye lengo la kuwafikia asilimia 80 ya wananchi ifikapo mwaka 2034. Nauunga mkono kwa moyo wote. Sitaki bibi yeyote avute moshi ili mimi nile wali mzuri. Swali langu ni la kifundi tu: kwenye gesi, moto wa juu utatoka wapi? Wapishi wameshaanza kulijibu. Wapo wanaoweka chuma cha chapati chini ya sufuria ili moto usambae, kisha wanafunika kwa kitambaa safi cha pamba kilichobanwa chini ya kifuniko, kinywe ule mvuke unaorudi kuwa maji. Wenye oveni huiingiza sufuria yote humo kwa moto mdogo dakika za mwisho, na kwa kweli hiyo ndiyo njia iliyo karibu zaidi na kupalia, kwa sababu joto huizunguka sufuria pande zote. Nimekula wali wa oveni, jijini Dar es Salaam, uliopikwa na dada aliyejifunza kwa bibi yake wa Kipemba, na nisingeweza kuutenga na ule wa seredani ila kwa kukosa ukoko wa kingo.

Mimi nyumbani natumia gesi na kitambaa. Iringa iko kama mita 1,600 juu ya bahari, kwa hiyo maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, na mchele huchukua muda zaidi kuliko pwani. Naongeza tui jepesi kidogo na subira zaidi. Nikipata wageni wanaotoka Tanga huwa nawatazama usoni wanapoonja, nao hunitazama, na wakinyamaza wakaendelea kula najua kazi imekwenda vizuri. Mchuzi ninaoandaa nao huwa mwepesi makusudi: maharage, au mchicha, au dagaa wenye nyanya na ndimu. Kitoweo kizito sana huumeza wali, na kama nia ni kuumeza, hapakuwa na haja ya kukuna nazi.

Tui la kopo na la boksi nalo lina mahali pake. Ndugu zetu walio Ulaya na Marekani hawana la kufanya, na heri wali wa kopo kuliko kuishi bila wali wa nazi. Lijue tu tabia yake: makopo mengi hutiwa gundi za mimea ili tui lisijitenge, kwa hiyo halikatiki kirahisi, lakini pia huufanya wali uwe mzito na wa kunata. Lipunguze kwa maji sehemu ya mwanzo, na libakize kidogo la kumalizia, kama ungefanya kwa kasimile.

Mkahawani, mambo ni ya kubahatisha. Katika hoteli moja kubwa ya ufukweni niliagiza wali wa nazi nikaletewa wali mweupe uliochemshwa kwa maji na kumwagiwa tui la moto juu yake, tui likiwa limetuama chini ya sahani. Bei yake ingelipia sahani kadhaa kwa mama lishe. Sijui kwa nini hoteli zinazotafuta wapishi wa keki kutoka nchi za mbali hazimtafuti mama mmoja wa mtaa wa jirani aje asimamie wali. Kwa mama lishe na mama ntilie nako kuna siri moja, nayo ni saa. Wali wa nazi uliopikwa saa tano asubuhi uko katika ubora wake kuanzia saa sita hadi saa saba na nusu. Baada ya hapo sufuria hufunuliwa na kufunikwa mara nyingi mno, mvuke ukaondoka, na wali ukaanza kukauka juu. Ukichelewa, omba upakuliwe wa katikati. Hakuna anayekasirika.

Kuna njia nzuri ya kumpima mpishi kabla hujaagiza. Tazama anavyopakua. Fundi hasukumi upawa katikati ya sufuria. Anaanzia pembeni, anakata kwa wima hadi chini, anainua, na wali uliobaki unasimama bila kuporomokea lile pengo. Ukiona hivyo, kaa. Ukiona upawa unatoka na bonge, agiza chapati.

Wengi wa mafundi hawa ni wanawake wanaoamka alfajiri kukuna nazi kwa ajili ya watu wasiowajua majina. Kazi yao haina cheti, na wateja huwauliza bei kwa namna ambayo hawathubutu kumuuliza seremala au fundi cherehani. Nazi imepanda bei, mchele umepanda, gesi nayo. Basi ukisafiri pwani mwaka huu, au ukipita tu kibandani mtaani kwako mchana, kula tonge la kwanza bila mchuzi, mwambie mama waziwazi kwamba wali wake ni mzuri, na ulipe bei aliyoitaja. Usimwombe apunguze kwa kuwa eti ni wali tu.